Blauzi ya Mama na Mpira wa Shingoni

Karakana ya Ushonaji,
S.L.P. 417.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa shemeji,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe na mama watoto na wale mabingwa wawili wa kuvunja vikombe. Vipi goti? Dada yako ameniambia sasa unapanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta. Kama ni kweli, nenda ukalionyeshe, usingoje liumuke kama unga wa mkate. Na yule mdogo, kikohozi kimemwacha?

Sisi hatujambo. Mshono wa dada yako wa upasuaji wa uzazi umekauka na ameanza kuinama bila kuuma meno. Mpwa wako ametimiza wiki kumi na ana sauti ya mnadi. Akianza kudai ziwa, hata cherehani yangu haisikiki. Mama naye hajambo, na habari ndefu ya hiyo "hajambo" yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Najua simu ipo. Lakini mimi na wewe tukishika simu siku hizi hatufiki dakika ya tatu. Wewe unapandisha sauti, mimi nanyamaza, kisha unasema mtandao mbaya na unakata. Mama, ambaye alipanga barua za watu posta kwa miaka ishirini na saba, ndiye aliyeniambia, "Mwandikie. Barua haikatizwi. Mtu akikasirika ataitupa chini, lakini ataiokota aimalize." Basi hata ukiitupa, shemeji, iokote.

Nitaanza mwanzo kabisa, maana mengine hukuambiwa, na mengine uliambiwa nusu.

Mama alikuja kwetu kumsaidia dada yako kujifungua. Mtoto alipofikisha wiki mbili, miguu ya Mama ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Sisi tukasema ni uchovu. Akawa anatapika asubuhi, akasingizia harufu ya mafuta ya cherehani. Unamjua Mama, hana ugonjwa, ana visingizio. Halafu siku moja, saa moja asubuhi, nikamkuta ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, mabega yakipanda na kushuka, anahema kama mtu aliyebebeshwa gunia akapandishwa mlima. Nikamwamkia. Hakuweza kuitikia "marahaba" kwa pumzi moja. Aliikata vipande vitatu.

Hospitalini tulipokewa na daktari wa figo, binti mdogo kuliko dada yako, mikono ya koti ameikunja mpaka kwenye viwiko. Hakuzunguka. Alisema figo zimesimama, sumu imejaa kwenye damu na maji yameanza kuingia mapafuni, kwa hiyo damu isafishwe kwa mashine siku hiyohiyo. Mashine inavuta damu nyingi kwa kasi, na mishipa midogo ya mkononi haiwezi kuilisha. Ndiyo maana alitaka kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, uteremke mpaka karibu na moyo.

Hapo ndipo nilipokupigia. Unakumbuka ulivyosema? "Wakimtia mpira shingoni, shemeji, ndiyo basi. Jirani yangu alitiwa, hakumaliza mwezi." Ukanikataza nisiweke sahihi. Nami ni mkwe tu. Nani mimi niweke sahihi kwenye mwili wa mama wa mtu, na mwanawe wa kumzaa amekataa? Nilisimama kwenye ile korido, kalamu mkono huu, simu mkono ule, jasho linanitoka kama niliyeiba.

Mama alikuwa anasikia. Mlango ulikuwa wazi. Akaniita kwa kidole.

"Lete hiyo karatasi," akasema. "Wewe si mwenye shingo. Na yeye si mwenye shingo."

Akaweka sahihi yake mwenyewe, ile ndefu yenye mkia, huku anahema. Kwa hiyo, shemeji, usiendelee kunihesabia kosa hilo. Ningekuwa nimeliweka jina langu ningekuambia. Mama ndiye aliyeamua, na akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Alinisimulia baadaye kwamba walimgeuza uso upande, wakamfunika kitambaa, wakamchoma sindano ya ganzi iliyomwasha kama siafu, na baada ya hapo akasikia kusukumwa tu, si maumivu. "Kama mtu anapitisha uzi kwenye tundu la sindano," akasema, "ila tundu ni mimi." Wakapiga picha ya kifua kuhakikisha mpira umekaa mahali pake. Alipotoka, mikia miwili ilikuwa inaning'inia upande wa kulia wa shingo, mmoja na kifuniko chekundu, mwingine cha buluu. Huu mwekundu unatoa damu kwenda kwenye mashine, ule wa buluu unairudisha ikiwa safi. Siku ya tatu Mama alilala chali kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Wiki ilipokwisha nikaviona vifundo vya miguu yake, nikafurahi kama nimeona jamaa waliopotea.

Lakini daktari alituonya mapema kwamba mpira ule ni wa siku, si wa miezi. Na nesi mkuu wa chumba cha mashine akatupa sheria zake. Huyo tunamwita Sista Barakoa, kwa sababu hata ukipiga chafya ukiwa getini atakuuliza barakoa yako iko wapi. Alisema bandeji isiguswe na maji. Mpira usifunguliwe na mtu yeyote nje ya chumba kile, hata awe nani. Mkasi na pini visikaribie. Na Mama akisikia baridi au homa, aletwe palepale, tusingoje zamu yake. "Huo mpira ni mlango unaoingia kwenye damu moja kwa moja," akasema. "Na mdudu naye anaujua mlango."

Tulikuwa tunakwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila zamu muda wa saa nne. Dada yako alikuwa bado na mshono mbichi na mtoto anayenyonya kila saa, hivyo wa kumpeleka nikawa mimi. Na hapo, shemeji, ndipo ulipokuwa ugonjwa wa pili, usio na daktari.

Chumba kile kina viti vinane, vinne vinatazamana na vinne. Wanaume na wanawake wamechanganyika, kila mmoja na mashine yake inayokoroma. Mbele ya Mama anakaa mzee mmoja mstaafu wa malori, wote tunamwita Dereva, mtu wa maneno mengi. Magauni ya Mama, unayajua, yote yanafunga mpaka kooni na vifungo viko mgongoni. Ili nesi aufikie mpira ilibidi gauni lifunguliwe nyuma, lishushwe bega, na Mama abaki amelishika kifuani kwa mkono mmoja kama mtu aliyevamiwa bafuni. Mbele yake Dereva. Pembeni yake mimi, mkwewe.

Mimi nilikuwa nageukia ukutani. Kuna bango pale linaloeleza hatua saba za kunawa mikono. Nimelihifadhi kama sala. Mama naye alikuwa akijifunika mtandio mzito juu ya bandeji mara tu nesi anapomaliza, hata jua likiwa kali. Mtandio ulisugua pembe za bandeji, jasho likaingia, ikaanza kubanduka.

Sasa nakuungamia jambo ambalo dada yako tu ndiye anayelijua. Jumanne moja mwishoni mwa Januari nilisikia maji bafuni yakimwagika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama akatoka na taulo kichwani. Alikuwa hajaosha nywele karibu wiki mbili, na Mama na uchafu ni paka na maji. Nikaona ukingo wa bandeji umelowa. Nikaona, shemeji, kwa macho yangu haya. Nikasema, "Umeamka salama, Mama?" nikarudi kwenye cherehani.

Kesho yake, Jumatano, akasema tumbo linamsokota, hatakwenda kwenye mashine. Nilijua tumbo halikuwa na hatia. Nikasema pole. Nilinyamaza kwa heshima, kwa sababu mtu hamuulizi mama mkwe wake habari za kuoga wala za shingo yake. Heshima hiyo nusura imzike.

Ijumaa nilimpeleka amevimba tena na anahema. Alipounganishwa, haikupita nusu saa akaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa baridi hii ya mtu kutafuta sweta. Kiti kizima kilikuwa kinagonga sakafu. Meno yanagongana, macho yamemtoka, mkono unatafuta kitu cha kushika, na mimi nimesimama nimekunja mikono yangu nyuma kama mlinzi, sijui kama mkwe anaruhusiwa. Sista Barakoa alipita kama upepo, akachukua damu ya kupima, akaita daktari, akatundika dawa. Wadudu walikuwa wameingia kwenye damu kupitia ule mlango. Ukatolewa mpira siku ileile. Nesi alikandamiza shingo ya Mama kwa kidole dakika kumi nzima bila kubadilisha mkono.

Alilazwa siku mbili na dawa za kuua wadudu zikipita kwenye mshipa. Jumapili asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Daktari akamruhusu aje nyumbani abadili nguo na amwone mjukuu, lakini arudi Jumatatu saa mbili bila kukosa, aendelee na dawa na awekewe mpira mwingine. Safari hii upande wa kushoto, na wa aina ya pili: unaingia vilevile kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, lakini unapita chini ya ngozi na kutokea kifuani, chini ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya koo na bega. Huo hauingiliwi na wadudu kwa urahisi na unaweza kudumu miezi, mpaka mkono uandaliwe kwa njia ya kudumu. Bila mpira hakuna mashine. Na bila mashine, daktari alisema, tunahesabu siku kwa vidole vya mkono mmoja.

Mama alisikiliza mpaka neno "kifuani". Baada ya hapo nadhani hakusikia kitu.

Tulipofika nyumbani akasema harudi. Kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. Wewe ukapiga simu saa sita mchana. Sijui ulimwambia yote yapi, lakini hili nililisikia kwa sababu sauti yako inavuka ukuta: "Mama, basi. Waambie wakuache upumzike." Sikulaumu. Najua ulisema kwa uchungu, umekaa mbali, na picha uliyokuwa nayo kichwani ni ya yule jirani. Lakini ujue maneno yako yalifanya kazi gani. Mama aliweka simu mezani, akamtazama dada yako, akasema, "Mwanangu amesema kweli. Nimechoka kuvuliwa."

Mimi nilikuwa mlangoni. Neno hilo lilinichoma. Hakusema amechoka kuchomwa, wala mashine, wala kunywa maji kwa kipimo na kula bila chumvi. Kuvuliwa! Mama alikuwa tayari kufa kwa sababu ya gauni. Na mimi nashona magauni.

Nikapiga moyo konde. Nikasogea mpaka kwenye pazia la chumba chake, nikabaki upande wangu, nikasema, "Mama, usipovuliwa, utakwenda?"

Nikasikia kitanda kikilia, amegeukia pazia.

"Nani huyo ambaye hatanivua?"

"Nguo itafunguka mahali pa mpira tu. Kote kwingine utabaki umefungwa mpaka kooni. Nimeshona miaka ishirini na miwili, sijawahi kushindwa na bega."

"Bega la mkweo?"

Shemeji, hapo nilitamani sakafu ipasuke inifiche. Dada yako akaanza kucheka, akashika mshono wake, akaniambia nilete tepu. Basi tukafanya kazi ambayo sitaisahau. Dada yako anampima Mama ndani, mimi nimekaa nyuma ya pazia na daftari, naandika. "Bega mpaka kwapa!" anaita. "Ngapi?" nauliza. "Usiulize kwa sauti!" Mama anafoka. Mtoto analia. Tulipofika kwenye kifua, Mama akamwambia dada yako asitamke namba, aandike kwenye kipande cha karatasi akikunje, anipitishie chini ya pazia. Karani wa posta ni karani wa posta.

Kwa kuwa mpira ulikuwa haujawekwa, dada yako alichukua blauzi kuukuu ya Mama, akaipachika juu ya kifua cha Mama, akatia alama ya chaki mahali daktari alipoonyesha. Nikachukua pamba laini niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya shati langu. Nikakata mstari wa mshazari kutoka kooni kwenda kwapani, nikaweka ulimi wa kitambaa ndani yake, na vifungo vya kubonyeza badala ya pini. Jua linazama nikawa namalizia pindo. Nikaifua, nikaipiga pasi ya moto pande zote mbili.

Mama aliigeuza kama mtu anayekagua bahasha yenye shaka. Akafungua kifungo, akafunga. Akafungua, akafunga. "Niamsheni saa kumi na mbili," akasema.

Jumatatu mpira ukawekwa na damu ikasafishwa hukohuko chini ya shuka za upasuaji, blauzi ikiwa bado mfukoni. Jumatano akakaa kwenye kiti chake na blauzi mpya, kichwa juu. Sista Barakoa akavaa glavu, akatuvalisha wote barakoa, akashika ulimi wa blauzi, akaufungua kwa madaha.

Likatokea bega la kulia. Safi, halina kitu. Mpira uko kushoto.

Dada yako alikuwa amemtazama Mama uso kwa uso akatia chaki upande wa kushoto wa kwake yeye, si wa Mama. Nami fundi mzima wa miaka ishirini na miwili nikaiamini chaki. Sista akabaki ameshika ulimi wa blauzi, mashine zinakoroma. Ndipo Dereva, toka kiti cha mbele, akasema, "Fundi, umebisha hodi kwa jirani!"

Mama alicheka, shemeji. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Alicheka mpaka Sista akamwambia atulie, mpira unacheza. Halafu Sista akanigeukia na macho yale ya juu ya barakoa, akasema, "Mashine imeshaandaliwa na inakungoja. Una dakika ishirini. Na mkasi wako nisiuone humu ndani."

Wakamzungushia Mama shuka, wakanipa blauzi. Nikaketi kwenye benchi la korido, nikafumua mshono wa kushoto kwa wembe, nikakata, nikakunja pindo kwa mkono, nikahamisha vifungo vinne. Watu wanapita wananitazama. Sindano ilinichoma mara mbili, sikusikia. Dakika ya kumi na tisa nikaipitisha mlangoni kwa mkono mmoja, uso nimegeuzia kwingine. Baadaye kidogo nikamsikia Mama akisema, "Haya. Sasa fundi anaweza kuingia."

Nikaingia. Alikuwa amefungwa mpaka kooni, ametulia, na pale kushoto kuna dirisha dogo tu, mikia miwili ikitoka humo kwenda kwenye mashine. Sikugeukia bango. Nilivuta kigoda nikaketi kando yake, nikamuuliza kama yuko sawa. Akaniambia kitambaa ni kizuri ila kola imekaa upande. Ilikuwa kweli imekaa upande.

Tangu siku hiyo hajakosa zamu hata moja. Nimemshonea nyingine tatu. Nywele anaoshwa na dada yako, kichwa kikiwa kimelazwa nyuma kwenye beseni, kifua kimefunikwa plastiki, na mimi sasa nauliza. Naam, nauliza! "Mama, bandeji kavu?" Anajibu, "Kavu." Mwanzo alijibu akiangalia dirishani, siku hizi anajibu hata kabla sijauliza. Wateja wangu wanajua siku tatu za wiki sipo dukani. Mwenye haraka aje Jumanne. Nabeba vishikizo na pindo za kushona kwa mkono, nazimaliza kwenye lile benchi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike wiki hii na si nyingine.

Alhamisi ya tarehe ishirini na saba Februari Mama alifanyiwa upasuaji mdogo wa mkono wa kushoto. Ndiyo, tulifanya bila kukuambia. Yeye ndiye aliyetaka uambiwe ikiwa imekwisha. Wameunganisha mishipa miwili, ule unaopeleka damu na ule unaoirudisha, ili huu wa pili unenepe na kukomaa. Ukikomaa, sindano za mashine zitaingia hapo, na mpira wa kifuani utatolewa. Daktari anasema miezi miwili, pengine mitatu. Mpaka wakati huo mpira ndio daraja letu, na daraja hulindwa, halilaaniwi.

Kila asubuhi inabidi mtu aushike mkono ule na kuusikiliza kwa vidole. Ukiwa mzima unavuma. Ukinyamaza, ni kukimbia hospitali palepale. Mkono huo pia haupimwi presha wala hauchomwi sindano nyingine yoyote. Ukija kumtembelea ulijue hilo. Siku ya kufundishwa, Sista aliuliza ni nani wa nyumbani atakayejifunza. Nikasema nitamwita mke wangu aje kesho. Mama akaniangalia, akaunyoosha mkono juu ya mapaja yake, kiganja juu.

"Shika," akasema.

"Mama…"

"Nimesema shika. Nani ananileta hapa?"

Miaka kumi na moja nimekuwa mkwe wake, shemeji, na sijawahi kumgusa zaidi ya kupokea mzigo. Niliweka vidole vyangu vitatu juu ya mshono mdogo karibu na kifundo cha mkono. Kwanza sikusikia kitu ila moyo wangu mwenyewe. Kisha nikausikia. Unavuma, kama cherehani iliyo chumba cha pili, inakwenda bila kusimama. Nikabaki nimeshika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mama hakuuondoa.

Kwa hiyo ninayokuomba ni haya, na naomba kama mdogo kwako ingawa kwa miaka tunalingana. Usimpigie tena Mama kumwambia apumzike. Mpigie Jumamosi saa nne asubuhi, siku ambayo hana mashine na ana nguvu, umuulize mkono unavumaje. Atakueleza mpaka uchoke. Kuhusu jirani yako, Mungu amrehemu, mimi si daktari na siwezi kusema kilichomchukua. Na sikudanganyi kwamba mpira hauna hatari. Niliiona hatari ile kwa macho. Lakini nimeona pia kinachoizuia: maji yasiguse, barakoa isisahaulike, zamu isikoswe, na watu wa nyumbani wasinyamaze. Hayo nimeyakatia shauri. Ukikubali tutayafanya pamoja. Usipokubali nitayafanya peke yangu, na Jumatatu saa mbili kasorobo utanikuta getini na Mama.

Ukipata likizo, njoo. Usisubiri kuitwa kwa habari mbaya, maana hatuna mpango wa kuituma. Njoo ukae kwenye benchi zamu moja, nikupe pindo ushone.

Msalimu sana mama watoto, na wale wavunja vikombe uwaambie shangazi yao amewawekea vya bati. Msalimu kaka mkubwa akipita kwako, na shangazi yenu yule wa miwani, mwambie Mama anauliza kwa nini hajibu barua. Dada yako anakusalimu. Anasema goti lako ulikande kwa maji ya moto na uache ubishi. Dereva naye anakusalimu ingawa hamjuani. Mama amekataa kuongeza neno hapa chini. Anasema ya kwake atakuambia mwenyewe Jumamosi, nawe upokee simu na usikate.

Mungu awape uzima nyumba nzima, awalinde njiani na kazini, na atukutanishe tukiwa bado tunatoshana mezani.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, hata pale tunapokatiana simu,

Fundi.